Kasoro Iliyofichika Ndani ya Chombo Kipya

 



Zamani za Mtume, rehema na amani zimfikie, palikuwa na hila iliyojulikana sana miongoni mwa wauza mifugo. Mtu alikuwa na ngamia au mbuzi mwenye maziwa haba. Siku mbili tatu kabla ya soko aliacha kumkama, akamfunga chuchu, kiwele kikafura. Mnunuzi alipofika akaona kiwele kimejaa, akafurahi, akalipa bei ya mnyama wa maziwa mengi. Siku ya kwanza akakama chombo tele. Siku ya pili nusu yake. Siku ya tatu akajua amenunua nini. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume alikataza hila hiyo, akampa mnunuzi khiyari: akitaka atamweka mnyama wake, na akitaka atamrudisha pamoja na pishi moja ya tende, badala ya maziwa aliyokwisha kuyakama. Katika baadhi ya mapokezi umetajwa muda wa siku tatu.

Tazameni uadilifu wa hukumu hiyo. Muuzaji hakuachiwa aseme kwamba siku ya soko mnyama alikuwa na maziwa na kila mtu aliyaona. Wala mnunuzi hakuachiwa anywe maziwa bure kisha arudishe mnyama. Kila mmoja alipewa haki yake, hata ile iliyo ndogo kama pishi ya tende.

Leo wengi wetu hatununui ngamia. Tunanunua pikipiki, magari ya abiria, na malori madogo ya kubebea samaki na mazao. Chombo hutolewa dukani kinang'aa, viti vyake bado vina karatasi za nailoni, na injini yake yanguruma vizuri. Siku ya arobaini, au ya hamsini, injini inaanza kugonga. Kisha inazima njiani na haiwaki tena. Fundi akiifungua anakuta beringi zimelika na chuma kimesagana na chuma. Mnunuzi anarudi dukani, naye anaambiwa maneno mawili tu: wewe ndiwe uliyeiharibu, na mali ikishauzwa hairudishwi.

Baada ya sala ya Ijumaa moja alinijia kijana mmoja na suala la namna hii. Mama yake alikuwa ameuza bangili zake za dhahabu, zile alizopewa siku ya ndoa yake, ili mwanawe apate pikipiki mpya ya kubebea abiria. Wiki ya saba injini ikafa. Kijana hakuniuliza kama muuzaji ana dhambi. Aliniuliza: “Sheikh, nina haki gani?” Nalipenda suala lake, kwa sababu wengi wetu hukimbilia kulaani kabla ya kujua haki yetu i wapi na inaishia wapi.

Basi jueni kwamba wanazuoni wa fiqhi wameiita haki hii khiyari ya kasoro. Kasoro kwao ni kila upungufu unaoshusha thamani ya kitu, au unaokosesha makusudio sahihi ya kukinunua, ikiwa kwa desturi vitu vya jinsi ile huwa havina upungufu huo. Pikipiki iliyotumika miaka kumi, kutoa moshi kidogo si ajabu. Pikipiki mpya ambayo injini yake haimalizi miezi miwili ina kasoro, wala halina ubishi hilo.

Ubishi huja katika jambo la pili, yaani wakati. Kasoro inayomrudia muuzaji ni ile iliyokuwako kabla mnunuzi hajakipokea kitu. Kilichozuka baada ya hapo ni juu ya mnunuzi. Hapa ndipo wauzaji wengi hushika, wakasema: “Ulipoichukua ilikuwa nzima.” Lakini wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi wetu wa pwani hii, wameongeza sharti lenye hekima kubwa: isipokuwa kasoro hiyo iliyodhihiri baadaye iwe imetokana na sababu iliyotangulia. Ikiwa sababu ilikuwamo ndani tangu awali, basi kasoro ni ya awali, ingawa dalili yake imechelewa kuonekana.

Wala jambo hilo si la kubuni. Mwezi wa Mei 2024 kampuni ya Toyota, ambayo magari yake yamejaa katika barabara zetu, ilitangaza kuyarudisha kwa matengenezo magari kiasi cha 100,000 nchini Marekani, ya aina ya Tundra na Lexus LX ya miaka ya 2022 na 2023. Sababu yake ilikuwa ni mabaki ya chuma yaliyotokana na kuchonga sehemu za injini kiwandani, ambayo huenda hayakusafishwa yote. Mabaki kama hayo huchukuliwa na oili hata kwenye beringi zinazobeba mhimili mkuu wa injini. Beringi zikiharibika injini hugonga, hutetemeka, au huzima garini mwenyewe akiwa safarini. Gari limeendeshwa maelfu ya kilomita na mwenyewe hana habari, na sababu imo ndani tangu siku ilipoundwa. Kampuni ikakubali kuwabadilishia watu injini bila malipo. Huo ndio mfano wa ile sababu iliyotangulia, na mafaqihi waliiandika karne nyingi kabla injini ya kwanza haijawaka.

Na ikiwa muuzaji hakujua? Ndugu zangu, tutenganishe mambo mawili. Dhambi ni ya aliyejua akaficha. Muuza duka aliyepokea sanduku kutoka ng'ambo, akalifungua na kuuza kwa nia njema, hana dhambi. Lakini haki ya mnunuzi haiondoki kwa sababu muuzaji hakujua. Aliyepokea thamani ya kitu kizima hana budi kutoa kitu kizima, au kurudisha thamani. Yeye naye atamrudia aliyemuuzia.

Ama lile bango la kwamba mali ikiuzwa hairudishwi, nalo wanazuoni wamelizungumza. Muuzaji akishurutisha kwamba hana dhima ya kasoro yoyote, kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba sharti hilo humwokoa katika jambo moja tu: kasoro ya ndani ya mnyama, ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Wakatoa sababu, kwamba mnyama hula, huugua na hupona, na hakuna ajuaye yote yaliyomo tumboni mwake. Pikipiki haili majani. Basi mwenye duka asidhani kwamba kipande cha karatasi ukutani kimemtoa katika dhima. Na sheria za nchi zetu nazo haziko mbali na hapo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, imempa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na fidia ya madhara yatokanayo na kasoro zake. Na Tanzania inayo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Mwenye haki asione haya kuidai kwa njia ya sheria, baada ya kuidai kwa upole.

Sasa nawageukia wanunuzi, kwani haki hii ina masharti, na wengi huipoteza kwa mikono yao.

Sharti la kwanza ni kutokawia. Katika madhehebu yetu, aliyeigundua kasoro hurudisha papo hapo kwa kadiri ya desturi. Wanazuoni wameeleza hata udhuru mdogo mdogo: akiigundua naye yumo katika sala, atamaliza sala yake, akiwa anakula, atamaliza kula, ikiwa ni usiku, atangoja asubuhi. Hawakusema atangoja mpaka mwisho wa mwezi apate kwanza hesabu ya abiria.

Sharti la pili ni kuacha kukitumia. Walisema kwamba mtu aliyeona kasoro ya mnyama kisha akamwacha na tandiko mgongoni, haki yake imeanguka, kwa kuwa hiyo ni dalili ya kuridhika. Wakamsamehe tu yule aliyempanda mnyama mkaidi ili kumrudisha, kwa sababu hakokoteki wala haswagiki. Basi wewe uliyesikia injini inagonga siku ya Jumatatu, ukaendelea kubeba abiria mpaka Alhamisi ikajifia, umeacha tandiko mgongoni siku nne. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima chombo hapo ulipo, mwite fundi, kisukumwe au kibebwe. Usiifungue injini pembeni mwa barabara kabla muuzaji hajaona. Weka risiti, karatasi ya dhamana, na tarehe za kumwaga oili.

Na iwapo ni wewe uliyeiua? Yapo haya, na tuyaseme. Chombo kipya kinataka oili yake ya kwanza imwagwe mapema kama kilivyoandikwa kitabu chake. Wako wanaokipuuza kitabu hicho, wakapakia abiria watatu na gunia la mkaa tangu siku ya kwanza, na kijiti cha kupimia oili hawajapata kukichomoa. Injini ikifa, wanajaza oili mpya usiku na asubuhi wanakwenda dukani na nyuso za huzuni. Huyo ni ndugu yake yule aliyefunga chuchu za mbuzi. Tofauti yao ni upande wa meza tu.

Wakihitilafiana, huyu akisema kasoro ni ya zamani na yule akisema ni mpya, na yote mawili yawezekana, basi anayesadikiwa ni muuzaji kwa kiapo chake. Msishangae. Asili ya mauziano ni kuthibiti, hayavunjwi kwa madai matupu. Lakini kiapo ni mzigo mzito kuliko injini ya lori, na mwenye duka aliyekwisha kupokea malalamiko ya watu watano kuhusu shehena ileile, akaapa kwamba hajui kitu, ameuza zaidi ya pikipiki. Na wakipatikana mafundi waadilifu wenye ujuzi wakashuhudia sababu ya kasoro, ushahidi wao hufuatwa. Ndiyo maana nikasema msiifungue injini ovyo.

Yaweza kuwa kitu kimepata kasoro nyingine mkononi mwa mnunuzi: alianguka nacho, taa ikavunjika na fremu ikapinda. Hapo hawezi kumlazimisha muuzaji akipokee hivyo hivyo. Muuzaji akiridhika kukichukua, yamekwisha. Asiporidhika, ama mnunuzi atarudisha pamoja na fidia ya kasoro mpya, ama atabaki nacho na kupewa fidia ya kasoro ya zamani. Na wasipoafikiana, hufuatwa kauli ya yule anayetaka mauziano yabaki. Fidia hiyo haikisiwi kwa hasira. Chombo kizima kikiwa chathaminiwa shilingi 3,000,000, na chenye kasoro ile shilingi 2,400,000, kasoro imekula fungu moja katika matano. Ikiwa alikinunua kwa shilingi 2,800,000, atarudishiwa fungu la tano la bei hiyo, yaani shilingi 560,000.

Yule kijana aliniuliza pia juu ya fedha za wiki saba alizokwisha kuchuma. Hizo ni zake. Mtume, rehema na amani zimfikie, alihukumu kwamba pato hufuata dhima: siku zile chombo kingeibwa au kuungua, hasara ingalikuwa yake; basi na faida ni yake. Muuzaji akirudisha bei hana haki ya kukata hata senti kwa ajili ya abiria waliobebwa. Nikamwambia kijana aende na mzee mmoja wa mtaa, wala asiende na kundi la vijana wenzake. Baada ya safari tatu walisuluhishana, akapewa injini mpya katika sanduku lake, naye akaridhika. Sulhu ni njema, maadamu haihalalishi haramu.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linalonitia hofu zaidi. Mtu akinyimwa haki yake dukani, shetani humjia na shauri: ipachike injini hiyo, ijaze oili nzito isisikike kugonga, uza kwa mtu wa kijiji kingine. Na huwapo fundi wa kuifanya kazi hiyo, naye hujisemea kwamba yeye si muuzaji, yeye kalipwa ujira wake tu.

Imepokewa kwamba sahaba Wathila bin al-Asqa' alikuwa amesimama sokoni, na mtu mmoja akauza ngamia wake kwa dirhamu 300. Wathila alighafilika kidogo, na mnunuzi akaondoka na ngamia. Alipozindukana akamkimbilia akimwita, akamwuliza kama amemnunua kwa nyama au kwa kupanda. Yule akasema kwa kupanda. Wathila akamwambia kwamba ameona tundu katika ukwato wa ngamia yule, hataweza safari za mfululizo. Mnunuzi akarudi, na muuzaji akapunguza dirhamu 100, kisha akamlaumu Wathila kwa kumharibia biashara yake. Wathila akamjibu kwamba walimpa Mtume ahadi ya kumtakia heri kila Mwislamu, na kwamba amemsikia akisema si halali kuuza kitu pasi na kueleza kasoro yake, wala si halali kwa anayeijua kasoro hiyo kunyamaza.

Wathila hakuwa muuzaji, hakuwa dalali, wala hakulipwa kitu. Fundi aliyeishika injini kwa mikono yake anajua zaidi kuliko alivyojua Wathila kwa kutupa jicho moja. Na mwenye chombo anayetaka kukiuza, auze, hakukatazwa. Amwambie mnunuzi: “Injini hii ilikufa mwezi fulani, ikafunguliwa na fundi fulani, na kilichobadilishwa ni hiki.” Mnunuzi akikubali kwa bei ya kitu cha namna hiyo, mauziano yamesihi, wala hana njia ya kumrudia kwa kasoro aliyokwisha kuelezwa.