Aliyeitwa Mbele Siku ya Krismasi

 

Katika kalenda ya Kanisa letu, tarehe 26 Desemba ni siku ya Stefano Mtakatifu. Wengi huijua kwa jina la Boksing Dei. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni siku ya ndondi, na kwa kweli katika vijiji vingine, kwa sababu ya pombe ya siku iliyotangulia, ngumi hazikosekani. Lakini husimuliwa kwamba huko Uingereza makanisa yalikuwa na visanduku vya sadaka za maskini, na visanduku hivyo vilifunguliwa siku ile iliyofuata Krismasi, fedha zikagawanywa. Ndilo boksi lenyewe.

Na huyu Stefano ni nani hata awekwe karibu hivyo na hori la Bethlehemu? Sisi twamkumbuka kuwa mtu wa kwanza kuuawa kwa ajili ya Kristo. Lakini fungua Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6, utaona kwamba kabla ya kupigwa mawe alikuwa mgawaji wa chakula. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba wajane wamekula.

Nitarudi kwa Stefano. Kwanza nina habari ya kuungama mbele yenu, wala si habari ninayoipenda.

Nilipotoka chuo cha theolojia nilipewa parishi ya mashambani. Nilikuwa kijana, nikitaka kazi yangu ionekane. Krismasi ya kwanza nikaiambia kamati ya kanisa, mwaka huu tuwakumbuke maskini. Wakafurahi. Tukachanga fedha, tukanunua unga wa mahindi, mafuta ya kupikia, sukari na leso. Siku yenyewe ya Krismasi, baada ya mahubiri, vitu vile vikapangwa mbele ya madhabahu, karatasi ikatolewa, na majina yakaanza kusomwa. Mmoja mmoja wakaja mbele. Mtu mwenye kamera alikuwa amealikwa. Kila aliyepokea alisimama kidogo kando yangu, akashika upande mmoja wa mfuko wa unga, nami nikashika upande wa pili, tukapigwa picha. Watu wakapiga makofi. Nilifikiri nimeanza vema.

Miongoni mwa waliosomwa alikuwa mama mmoja mjane, aliyekuja na mwanawe wa darasa la nane. Jina lake liliposomwa hakuinuka mara moja. Yule aliyekuwa akisoma akalisoma tena, kwa sauti zaidi. Akaja. Akapokea, akasema asante, akarudi kuketi. Yule mwana hakuwapo tena pale kitini. Alikuwa ametoka nje.

Jumapili iliyofuata yule mama hakuja. Ya pili hakuja, wala ya tatu. Nilisema moyoni, na naona haya kulisema, ya kwamba watu wengine wakipata wanachotaka humsahau Mungu.

Mwisho wa Januari nikaenda kumtembelea. Nilimkuta uani akichambua kunde kwenye ungo. Akanipa kigoda, akaniwekea chai ya rangi, maana maziwa hayakuwapo. Tukaongea habari za mvua. Halafu nikamwuliza, “Mama, mbona hatukuoni kanisani?”

Akaendelea kuchambua kunde zake. Kisha akasema, “Mchungaji, chakula chenu tulikila. Sitasema uongo, kilitufaa. Lakini wenzake mwanangu sasa wanamwita Unga wa Krismasi. Akipita njiani ndilo jina lake. Amesema hataingia tena katika kanisa lile, nami siwezi kumwacha nyumbani peke yake nikaenda kuimba.”

Nikanyamaza. Akaongeza jambo ambalo sijalisahau. Alisema, “Tena, Mchungaji, siku ile ya Krismasi tungekula tu. Ndugu yangu alikuwa amechinja mbuzi. Kila mtu hula siku ile. Lakini leo mtoto ameitwa shule ya sekondari, imebaki wiki moja, sina sare wala godoro. Leo hakuna mtu aliyenisoma jina.”

Ndugu zangu, nilikuwa nimesoma Kiyunani chuoni. Nilikuwa nimefanya mtihani juu ya Waraka wa Yakobo, mahali pale pa sura ya 2 anaposema habari ya mtu mwenye njaa anayeagwa kwa maneno mazuri huku hapewi kitu. Ningeweza kukueleza kila neno la pale. Lakini kwamba mtu aweza kupewa kitu na bado akatwezwa, hilo nilifundishwa uani, kwenye kigoda, na mama ambaye hakupita darasa la nne.

Basi turudi kwa Stefano. Mwandishi wa Matendo anatuambia kwamba katika Yerusalemu kulitokea manung’uniko. Waumini Wayahudi waliosema Kiyunani waliona kwamba wajane wao wanarukwa katika mgawo wa kila siku. Angalieni maneno hayo: mgawo wa kila siku. Haukuwa mgawo wa sikukuu. Mjane wa Yerusalemu alijua kwamba kesho pia sufuria itapata kitu, na kama hapati, alikuwa na pa kulalamikia.

Na mitume walipoyasikia malalamiko hayo hawakuwakemea wale watu wala kuwaambia washukuru kwa kidogo walichopata. Waliwaita waumini wote, wakawaambia wachague watu saba wenye sifa njema, wenye hekima na Roho. Wale saba wametajwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Wafafanuzi wengi wa Maandiko wameona hapo jambo kubwa, ya kwamba kazi ya kugawa ilitiwa mikononi mwa watu wa upande ule ule uliokuwa ukinyimwa. Nani amjuaye mjane aliyerukwa kuliko jirani yake anayesema lugha yake? Kisha mitume wakawawekea mikono. Kugawa mkate kuliwekewa mikono na kuombewa, kama vile mimi nilivyowekewa mikono niwe kasisi.

Sisi, je? Katika makanisa mengi kamati ya kusaidia maskini ina mwalimu mkuu, mwenye duka, mkewe kasisi na mzee mmoja mstaafu. Ni watu wema. Lakini hapana hata mmoja wao aliyelala njaa mwaka huu.

Nilimwomba yule mama msamaha. Nikaenda kwa kamati, nikawaeleza nilichoambiwa, bila kumtaja. Wengine walikasirika. Mzee mmoja akauliza kama sasa maskini ndio watakaotuchagulia namna ya kuwapa. Ni swali zuri kuliko alivyodhani, nami nikamjibu kwa kumsomea Matendo sura ya 6. Mashauriano hayo yalichukua miezi, msidhani yalikuwa mepesi. Hatimaye tukakubaliana mambo machache. Majina hayasomwi tena kanisani, na picha hazipigwi. Orodha yajulikana na watu wawili tu. Nusu ya fedha za Krismasi haiguswi mpaka shule zifunguliwe, maana Januari ndio mwezi ambao vijana wetu wameupa jina la Njaanuari, na hawakukosea. Na yule mama, aliporudi kanisani wakati wa Pasaka, tukamwomba aingie katika kamati. Alikataa mara mbili.

Siku ya kwanza alipoketi nasi tulikuwa tumeandika majina kumi na mawili. Akaomba asomewe. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akataja mzee mmoja wa kanisa letu ambaye hakuna aliyemfikiria, kwa sababu kila Jumapili huja na koti na tai. Akasema, “Yule mnamwona koti. Jikoni kwake moshi hautoki kila siku.” Tukaona haya. Alikuwa ameketi kiti cha tatu kutoka mbele miaka yote hiyo.

Ilikuwaje kwa yule mzee? Haikuwezekana kumpelekea unga, angeufukuza. Yule mama akasema yeye ana mahindi ya kupukuchua, atamwomba mzee aje amsaidie, naye atampa fungu lake. Kamati ikamwongezea mahindi kimya kimya. Hii ni hekima ya zamani sana. Torati iliamuru mwenye shamba asivune mpaka pembeni, wala asirudie masuke yaliyoanguka, yaachwe kwa maskini na mgeni. Ruthu hakugawiwa ngano mbele ya mkutano. Aliingia shambani akaokota kwa mikono yake, na Boazi akawaambia vijana wake waangushe masuke makusudi mahali atakapopita. Jioni Ruthu alikwenda kwa mkwewe akiwa amebeba kazi ya siku yake.

Naomba msinielewe vibaya. Sisemi usitoe siku ya Krismasi. Toa. Kuna nyumba ambazo hazina ndugu wa kuchinja mbuzi. Lakini kumbuka ni mtoto wa nani tunayemsherehekea. Luka sura ya 2 yaeleza kwamba Yusufu na Mariamu walipompeleka mtoto hekaluni walitoa ndege wawili. Ukiuliza kwa nini, fungua Mambo ya Walawi sura ya 12: sheria ilidai mwana-kondoo, na ndege walikuwa ruhusa kwa mama asiyeweza kununua mwana-kondoo. Jina la Mariamu lingeweza kuwa katika orodha yetu. Na mimi ningemwita mbele, nikapigwa naye picha.

Tena sisi Waanglikana wa nchi hii tusijione kana kwamba tulizaliwa watoaji. Dakta Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, lakini kanisa la pwani lilipata watu wengi hasa kutoka kwa wale waliotoroka utumwa wakajificha Rabai, na wale waliotolewa majahazini wakaletwa Frere Town katika miaka ya 1870. Watu hao walifika bila shamba, bila ukoo, wengine bila nguo. Na makasisi wetu wa kwanza walitoka wapi? William Jones na Ishmael Semler, waliowekewa mikono na Askofu Hannington mwaka 1885, walikuwa wote wawili watu waliokombolewa utumwani na kulelewa Bara Hindi. Waliopokea nguo ndio waliosimama madhabahuni.

Siku hizi kutoa kumekuwa rahisi kwa namna nyingine. Mtu akiwa Nairobi aweza kumtumia mjane wa kijijini fedha kwa simu, na mkono wa kushoto usijue. Bwana wetu angeifurahia simu ya namna hiyo, naona. Lakini simu hiyo hiyo ndiyo inayopiga picha, na mara nyingi picha hufika mbali kuliko fedha. Nimeona watoto yatima wamepangwa mstari juani, wameshikishwa mikate, wakingoja mgeni apate pembe nzuri ya kupigia picha. Mkate ule ulikuwa umekwisha kulipiwa. Watoto wakautolea malipo ya pili.

Mwaweza kuuliza, yule kijana aliishia wapi? Alikwenda sekondari. Sare ilipatikana, na godoro. Leo ni mtu mzima, anafanya kazi Mombasa, na kila mwezi humtumia mamake fedha. Krismasi huja nyumbani. Hufika asubuhi ile ile tunapoanza ibada, humsindikiza mamake mpaka kwenye mwembe ulio kando ya kanisa, naye hubaki hapo nje mpaka tumalize. Nimehama parishi ile zamani, lakini nikipata nafasi hurudi kuhubiri. Mwaka jana nilitoka baada ya baraka nikaenda kumsalimu chini ya ule mwembe. Tulishikana mikono. Tukaongea habari za barabara na nauli. Sikumwambia aingie.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, wewe ambaye mamako alitoa ndege wawili, tuonyeshe leo jikoni kusikotoka moshi. Tupe haya pale tunapotaka kuonekana. Wakumbuke wanaongoja shule zifunguliwe na hawajui watasema nini kwa watoto wao. Na yeyote aliye nje ya kanisa lako kwa sababu yetu, Bwana, nenda ukaketi naye pale alipo. Amina.