Sanaa na Malezi: Sindano Inayosubiri Mtoto Anyamaze

Katika soko la Kimironko, wilayani Gasabo jijini Kigali, huuzwa agaseke, yaani kikapu chenye kifuniko kilichochongoka ambacho kimo hata katika nembo ya taifa la Rwanda, na mnunuzi mara nyingi hakifikirii kama kazi iliyosukwa kando ya mtoto. Msusi hushika fungu la majani makavu, akalizungushia uzi wa katani kwa sindano na kulishona kwenye duara lililotangulia, hivyo mtoto akilia sindano huchomekwa pale pale ilipofikia na, akishanyonya, kazi huendelea bila kuharibika.

Imigongo, sanaa ya jadi ya wanawake wa mashariki mwa nchi, hudai mpango mwingine, kwa kuwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu hufinyangwa kuwa matuta kabla haijakauka, na wakati huo lazima mtu mwingine ambebe mtoto; muda wa kukauka, kabla ya kupaka rangi, ndio humrudishia mama nafasi.

Ubunifu wa mtoto, yaani uwezo wa kuvipanga vitu vya kawaida kwa namna mpya, hulelewa na mabaki ya kazi ya kusuka vikapu: akipewa nyuzi zilizosalia, sindano ikiwekwa mbali naye, hufunga, hufungua na kufunga tena, na kumsahihisha mapema ni kumnyang'anya mchezo wake. Baba naye hahesabiwi kuwa msaidizi tu, kwani saa moja anayokaa na mtoto ni sehemu ya kikapu kile.