Siku Sitini Tangu Afike Kituoni

Msikilizaji, mwanamke anayewauzia chai mafundi seremala wa Gakinjiro, hapa Gisozi jijini Kigali, akigusa uvimbe kwenye titi lake leo, ataanzia wapi? Kwa mhudumu wa afya wa mtaani, kisha kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha hospitali kubwa inayoweza kuchukua kinyama na kukipima maabara. Kila hatua ina foleni yake, nauli yake na mauzo ya siku yaliyopotea.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwaangalia wagonjwa 144 wa saratani ya matiti katika hospitali za Butaro na Rwinkwavu, hapa Rwanda. Nusu yao walikaa miezi 15 au zaidi tangu dalili ya kwanza hadi kupata jibu, na asilimia 76 walikutwa hatua ya tatu au ya nne. Mara nyingi wanawake hulaumiwa kwa kuona haya au kwenda kwanza kwa waganga wa jadi. Wapo waliofanya hivyo. Lakini utafiti ulionyesha pia kwamba waliozungushwa vituoni mara tano au zaidi ndio waliocheleweshwa sana na huduma yenyewe. Hao walikwenda. Hawakusikilizwa.

Kwa hiyo kampeni ya saratani ya matiti ya kila Oktoba inayoishia kwenye maandamano na fulana za waridi haitoshi. Wala kuwafundisha wanawake kujipapasa peke yake hakutoshi. Shanghai, wanawake zaidi ya 260,000 wa viwandani waliingizwa kwenye utafiti, karibu nusu yao wakafundishwa kujipapasa matiti. Matokeo ya mwaka 2002 yakaonyesha vifo vya saratani ya matiti havikupungua. Mumbai walifuata njia nyingine: wahudumu waliofundishwa waliwapima wanawake kwa mikono kila baada ya miaka miwili. Matokeo ya miaka 20, yaliyotolewa 2021, yalionyesha vifo kupungua kwa karibu asilimia 30 kwa waliofikisha miaka 50. Kwa walio chini ya umri huo, nafuu ya namna hiyo haikuonekana, na Rwanda inao wagonjwa wengi wa umri huo.

Mikono iliyofundishwa, basi, ina kazi. Muuguzi hutumia sehemu laini za vidole vitatu, akizungusha taratibu kutoka kwenye mtulinga hadi chini ya titi, bila kuruka kwapa. Ni dakika chache, bila mashine ya mamografia. Wilayani Burera wauguzi na wahudumu wa afya wa vijijini wamepewa mafunzo ya kutambua dalili mapema.

Tiba nayo imesogea karibu. Kituo cha saratani cha Butaro kilifunguliwa 2012, na katika hospitali ya kijeshi ya Kanombe sasa kuna tiba ya mionzi ambayo zamani wagonjwa waliifuata nje ya nchi.

Shirika la Afya Duniani limeweka lengo: jibu lipatikane ndani ya siku 60 tangu mwanamke afike kituoni. Gisozi, iliyo jiji moja na Kanombe, haina sababu ya kushindwa. Kila kituo cha afya kiandike tarehe aliyofika na tarehe aliyopewa jibu, na wakuu wa afya wa wilaya ya Gasabo wazisome kila mwezi, iwe Oktoba au Machi.