Dawa za Kuziba Liki Katika Magari Makuukuu: Wapi Zinafaa, Wapi Zinaharibu

Mada iliyoandaliwa kwa semina ya mafundi makanika, madereva na wamiliki wa magari ya biashara

1. Utangulizi



Magari mengi tunayoyahudumia yalitufikia yakiwa yameshafanya kazi Japani kwa miaka kadhaa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018. Sisi Tanzania tunayatoza magari ya zamani ushuru wa ziada, lakini yanaingia. Likishaingia, gari hilo hutumika miaka mingine 10 au zaidi, kwenye joto, vumbi na foleni. Ndiyo maana liki ni ugonjwa tunaokutana nao kila siku gereji, na ndiyo maana kila duka la spea limejaa vichupa vinavyoahidi kuuponya.

Hoja yangu ni moja: dawa ya kuziba liki ina kazi yake halali, lakini kazi hiyo ni nyembamba. Anayeimimina kabla ya kujua liki inatoka wapi na kwa sababu gani, anaficha ugonjwa na mara nyingi anauzidisha.

2. Kwa nini gari kuukuu huvuja

Oili sili nyingi hutengenezwa kwa mpira wa nitraili, wa akriliki, au wa silikoni. Ndani ya mpira huo mna vilainishi vinavyoufanya unyumbuke na kuibana shafti. Oili ya injini huzunguka ikiwa na joto la karibu nyuzi 100, na kadiri miaka inavyopita, joto hilo huviondoa vilainishi. Mpira unakauka, unasinyaa na kuwa mgumu.

Nawaomba kila mmoja afanye jaribio hili gerejini kwake. Chukua sili ya krenkishafti uliyoitoa kwenye injini iliyotembea miaka mingi, uiweke pembeni ya sili mpya. Bonyeza mdomo wa ile mpya kwa kidole: utalala, kisha utarudi. Bonyeza wa ile kuukuu: utakataa kulala, au utapasuka. Kisha tazama ukingo unaogusa shafti. Wa sili mpya una ncha kali, wa kuukuu umelika na kuwa bapa. Ugumu wa mpira unaweza kupunguzwa kwa dawa. Ncha iliyokwisha kulika haiwezi kurudishwa na dawa yoyote.

Sasa pitisha ukucha kwenye shafti pale sili ilipokuwa ikikaa. Ukucha ukikwama, shafti imechimbika mfereji, na hata sili mpya itavuja isipokaa mahali tofauti kidogo au isipofungwa pete maalumu ya kufunika mfereji huo.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi wetu tunaisahau, nayo ni vali ya PCV, inayotoa mvuke ndani ya injini. Ikiziba kwa uchafu, shinikizo hupanda kwenye sampu na oili hutafuta njia kupitia sili iliyo dhaifu kuliko zote. Hapo sili haina kosa. Itoe vali hiyo na uitikise. Ile nzima husikika ikigongagonga ndani. Isiposikika, isafishe au ibadilishe kwanza, kisha angalia kama liki bado ipo.

3. Aina za dawa na namna zinavyofanya kazi

Kundi la kwanza ni dawa zinazolainisha na kuvimbisha mpira. Hizi zina kemikali za jamii ya esta zinazopenya kwenye sili iliyokauka na kuirudishia sehemu ya unyumbufu wake. Hazina chembechembe za kuziba njia. Hufanya kazi polepole, kwa mamia ya kilomita, kwa hiyo mteja asitarajie matokeo kesho asubuhi. Teknolojia hiyo hiyo imo ndani ya oili zinazouzwa kwa ajili ya injini zilizotembea sana. Kampuni ya Valvoline ilitoa oili yake ya MaxLife mwaka 2000 kwa magari yaliyopita maili 75,000, yaani kama kilomita 120,000. Kwa liki ndogo ya sili iliyokauka, hili ndilo kundi ninalolikubali. Kipimo kisizidishwe, kwa sababu mpira uliolainika kupita kiasi unapoteza nguvu ya kubana.

Kundi la pili ni dawa za kuongeza uzito wa oili. Oili nzito hupita kwa shida kwenye upenyo mdogo, kwa hiyo matone yanapungua. Injini ya zamani yenye nafasi kubwa kati ya vyuma huenda ikaivumilia. Injini za VVT-i zina vijia vyembamba na kichujio kidogo cha waya kwenye vali inayoongoza oili ya kamshafti, nazo zimeundwa kwa oili nyepesi. Ukiifanya oili iwe nzito, asubuhi inachelewa kufika juu, na injini inasagika wakati matone yamepungua chini.

Kundi la tatu ni dawa za rejeta zenye chembe: unga wa alumini, nyuzinyuzi au mabaki ya mimea. Chembe hizo husafiri na maji mpaka kwenye tundu na kujipanga hapo. Tatizo ni kwamba hazichagui. Mifereji ya rejeta za kisasa ina upana wa ndani wa milimita chache tu, na rejeta ndogo ya hita ni nyembamba vilevile. Dereva wa Dar es Salaam anaweza kukaa mwaka mzima asijue kwamba hita yake imeziba. Wa Njombe atajua asubuhi ya kwanza ya baridi, kioo kikijaa ukungu naye hana hewa ya moto ya kuuondoa.

Kundi la nne ni silikati ya sodiamu, inayotumika kwa gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Inapofika penye joto kali hukauka na kuwa kama kioo. Nyingi kati ya dawa hizi hudai kulanti yote itolewe kwanza, kwa sababu hazipatani nayo. Hata ikifanikiwa, hiyo ni hatua ya kulifikisha gari gereji. Hedi iliyopinda kwa joto haitanyooka kwa dawa.

4. Dawa za mitaani

Ute wa yai, unga wa manjano na pilipili manga vimewahi kuwafikisha watu nyumbani. Ute huanza kuganda kwenye joto la nyuzi 60 na kitu, joto ambalo rejeta hulipita kila siku. Lakini huganda kila mahali, kisha huoza. Aliyelazimika kutumia njia hiyo porini, akifika mjini aisafishe rejeta siku hiyo hiyo.

Linalonitia hofu zaidi ni kumimina mafuta ya breki kwenye giaboksi ya otomatiki au kwenye stelingi. Glaikoli iliyomo huvimbisha sili haraka, liki inakauka, na mteja anaondoka akishukuru. Baadaye mpira unakuwa telezi na laini kama uji mzito, na ndani ya giaboksi gundi inayoshika plati za klachi inaachia. Umebadilisha kazi ya sili moja kuwa kazi ya giaboksi nzima.

5. Pasipoguswa kabisa

Kwenye mfumo wa breki, hakuna dawa ya kuziba liki. Raba za breki hutengenezwa kwa mpira wa EPDM, unaopatana na mafuta ya breki lakini unavimba na kuharibika ukiguswa na oili ya madini. Kiasi kidogo tu cha oili kikiingia kwenye masta silinda kinaweza kuangamiza raba zote. Liki ya breki dawa yake ni kubadilisha kilichoharibika, na gari lisitoke gereji kabla ya hapo.

Vivyo hivyo kwa njia za petroli na dizeli. Sabuni ya mche inaweza kuzuia tenki linalodondosha mpaka ufike kwa fundi. Isigeuzwe kuwa matengenezo.

6. Utaratibu wa kufuata

Kwanza, osha injini na uikaushe. Pakaa poda mahali unaposhuku, washa gari, kisha tazama poda inaanza kulowana wapi. Oili hushuka, na upepo wa safari huisukuma nyuma. Gasketi ya tapeti kava inayovuja huchuruzika hadi nyuma ya injini na kuonekana kama sili ya nyuma ya krenki. Fundi asiyeosha anateremsha giaboksi nzima kwa kosa la gasketi ya bei ndogo.

Pili, kwa upande wa maji, pima mfumo kwa pampu ya shinikizo na uanze na mfuniko wa rejeta. Mfuniko wenye alama ya 0.9 huyazuia maji ya ukanda wa pwani yasichemke mpaka karibu nyuzi 118. Springi yake ikichoka, maji yanachemka na kumwagika, na watu wanatafuta tundu lisilokuwapo. Acha pia kujaza maji ya kisima yenye chumvi. Yanakula chuma na alumini, na hakuna dawa itakayoshika kwenye ukuta unaolika.

Tatu, pima ukubwa wa liki. Tone moja kila dakika, kwa matone 20 katika mililita, ni mililita 72 kwa siku, yaani zaidi ya lita 2 kwa mwezi. Injini nyingi za lita 1.5 hubeba oili isiyofika lita 4. Liki ya kiwango hicho imeshavuka uwezo wa dawa.

7. Hitimisho na mapendekezo

Napendekeza mambo manne. Dawa itumike tu pale penye liki ndogo ya sili iliyokauka, baada ya PCV kukaguliwa. Isitumike kabisa kwenye breki na mafuta. Fundi amwambie mteja wazi kwamba ameweka dawa, na aandike jina la dawa hiyo, tarehe na kilomita kwenye risiti, ili fundi atakayefuata ajue anachokikuta. Na mwenye gari apime oili kila wiki, kisha aanze kuweka fedha za sili mpya tangu siku alipoweka dawa.

Abiria anayepanda daladala hana njia ya kujua kilichomiminwa ndani ya injini wala kwenye breki. Ametuachia sisi dhamana hiyo, na tuna wajibu wa kuibeba kwa kazi tunayoweza kuieleza mbele ya mtu yeyote.