Mafuta ya masini tumboni mwa mashua

Ninyi wenye mashua, mafundi wa masini na mabaharia wa Ziwa Tanganyika, sikilizeni. Leo tunasema juu ya kazi ambayo watu hawaipendi: kusafisha mafuta ya masini yaliyomwagika ndani ya mashua.

Habari hii mnaijua. Masini inavuja kidogo kidogo, ama bidoni inaanguka wakati wa mawimbi. Mafuta yanashuka chini ya mbao na kukutana na maji yaliyoingia katika nyufa. Asubuhi baharia anashika ndoo, anachota maji meusi, anayatupa ziwani. Anasema: « Ziwa ni kubwa. » Mashua imekuwa safi, lakini mafuta hayakwisha. Yamehama tu.

Tazameni hesabu. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo yanaelea na kutandaa. Litri moja, ikitandaa kuwa ngozi nyembamba ya sehemu moja ya elfu ya milimeta, inafunika meta za mraba 1000. Nani atakusanya ngozi hiyo kwa mikono? Hakuna. Lakini litri ile ile, ikiwa bado ndani ya mashua, mtu mmoja anaweza kuiondoa kabla ya saa sita.

Tena ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, pale Kalemie. Maji mengi hayatoki kwa mto. Yanakaushwa na jua, na uchafu unabaki. Ziwa lina kina cha meta 1470, lakini chini ya meta 200 hivi hakuna hewa ya kuwafaa samaki. Samaki wote wanaishi katika maji ya juu. Usiku ndagala wanapanda karibu na uso wa maji kutafuta chakula, na mafuta yako yanawangoja hapo. Na watoto wa kijiji wanateka maji ya kunywa pwani hiyo hiyo.

Basi, fanyeni hivi.

Kwanza, zimeni masini. Inueni mbao, acheni upepo uingie. Mtu asivute sigara, wala asilete taa ya moto. Kama esanse imechanganyika na mafuta, hewa yake ni nzito, inakaa chini ya mashua. Cheche moja inatosha kuwaka.

Pili, tafuteni mahali panapovuja, mkapazibe. Kusafisha bila kuziba ni kazi ya bure.

Tatu, acheni maji yatulie. Mafuta yatapanda juu yenyewe. Msitie sabuni! Watu wengi wanafikiri kwamba sabuni inaua mafuta. Sivyo. Sabuni inayavunja kuwa matone madogo sana, yanachanganyika na maji, na hayakusanyiki tena. Ukiyatupa, samaki wanapata madhara ya mafuta na ya sabuni pamoja.

Nne, jazeni sufi ya msufi katika mfuko wa nguo nyepesi, mfunge kamba, muuweke juu ya maji. Sufi inakunywa mafuta na kukataa maji. Kama hamna sufi, tumieni matambara makavu. Ukishiba, kamueni juu ya bidoni, mrudishe tena. Mafuta yaliyo juu ya mbao kavu, yanyunyizieni unga wa mbao, kisha mfagie. Unga huo msiutupe katika maji, maana unazama na kuziba pampu.

Tano, ngozi ya mafuta ikiisha, vuteni maji ya chini kwa mpira, mkayatie katika ndoo. Yatazameni juani. Mkiona rangi kama za upinde wa mvua, rudisheni mfuko wa sufi. Yakiwa safi, ndipo myamwage.

Sita, futeni mbao kwa tambara. Mkitaka kuosha kwa maji ya moto na sabuni kidogo, ivuteni mashua nchi kavu, na maji yale yakusanyeni katika pipa.

Mafuta yaliyokusanywa yatieni katika pipa lenye kifuniko, mbali na moto na mbali na maji, hata mpate kuyapeleka kwa fundi anayepokea mafuta machakavu. Matambara nayo yakae katika kopo la bati lililofunikwa. Msiyachome mahali pa kukaushia samaki. Msipake mafuta hayo ngozi ya mtu wala ya mnyama, kwa sababu yana sumu iliyotoka katika masini.

Na kesho? Wekeni sinia la bati chini ya masini, na mfuko mdogo wa sufi tumboni mwa mashua, umefungwa kamba. Kila mara kabla ya safari, kapita autazame. Ukiwa mweusi, masini inavuja.

Wengine watasema kazi hii inapoteza wakati. Lakini ndagala wakilazwa juu ya mbao zenye mafuta wanashika harufu, na mama wa sokoni akinusa mara moja anaenda kwa mwingine. Hapo umepoteza mzigo mzima. Mashua safi inauza samaki wake, na ziwa safi litatoa wengine kesho. Mafuta yaliyo ndani ya mashua yamo mkononi mwako bado. Usiyaache yatoke.