Baada ya Hema Kukunjwa

Msikilizaji, mkutano wa injili ukiisha, swali la kwanza huwa: wameokoka wangapi? Tunahesabu mikono iliyonyooshwa na kusema kanisa limekua. Hapo tunakosea. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza, Joe Church, walikaa wawili tu, wakasoma Biblia na kuomba. Uamsho uliofuata ulitoka Gahini, Rwanda, ukafika Kenya na Tanganyika, ukibebwa na waumini wa kawaida waliotubu hadharani, wakarudisha walivyoiba, wakapatana na waliowakosea. Aliyerudishiwa jembe lake hakuhitaji mahubiri marefu. Na hawa wetu walionyoosha mikono jana, hema likishakunjwa, nani anawatembelea?