SABA SABA ILIKUWAPO KABLA YA MAONYESHO



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya tarehe 7 Julai. Vijana wengi ukiwauliza Saba Saba ni nini watakujibu kuwa ni maonyesho ya biashara. Sina ugomvi na maonyesho. Lakini siku hii ilikuwapo kabla ya vibanda na tiketi.

Si kila lililotokea tarehe hiyo lina undugu nasi. Visiwa vya Solomon vilipata uhuru tarehe 7 Julai, 1978. Hiyo ni bahati ya kalenda, nasi twawapongeza tu. Yapo mambo matatu yenye undugu.

La kwanza mwalijua. Tarehe 7 Julai, 1954, mjini Dar es Salaam, Chama cha African Association kiligeuzwa kuwa TANU, na Mwalimu Julius Nyerere akachaguliwa kuwa Rais wake. Chama kile hakikuwa na fedha wala bunduki. Kilikuwa na mkutano wa hadhara, basi. Serikali ya kikoloni ililifahamu jambo hilo upesi. Ikakataa kuyaandikisha baadhi ya matawi, na mwaka 1957 ikamkataza Mwalimu asihutubie hadharani. Wakati huo huo jirani zetu wa Kenya walikuwa katika Hali ya Hatari, na Mzee Jomo Kenyatta yu kifungoni.

Sasa nawaomba mnisikilize vizuri, maana la pili halisemwi sana kwetu. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963, na mwaka 1982 sheria ikasema chama ni kimoja tu, KANU. Mwaka 1990 Bwana Kenneth Matiba na Bwana Charles Rubia, ambao wote wawili walikuwa wamepata kuwa mawaziri, waliwaita wananchi katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, siku ya Jumamosi tarehe 7 Julai, wadai vyama vingi. Serikali ikakataa kutoa kibali. Siku tatu kabla ya mkutano wakakamatwa na kuwekwa kizuizini bila ya kufikishwa mahakamani. Watu wakaenda vivyo hivyo. Polisi wakaja na mabomu ya machozi, virungu na risasi. Ghasia zikaendelea kwa siku kadhaa, na watu wasiopungua 20 wakafa. Bwana Matiba alipatwa na kiharusi akiwa kizuizini. Kifungu kile cha chama kimoja kilifutwa Desemba, 1991.

Ndugu zangu, tazameni: aliyekataa kibali mwaka 1990 hakuwa Gavana wa Kiingereza. Kilikuwa chama kilichozaliwa mikutanoni, kama chetu. Nasi tusijifanye wageni wa jambo hilo, kwani Tanzania nayo iliishi na chama kimoja kwa sheria tangu mwaka 1965 mpaka 1992. Mwanachama anayejivunia Saba Saba ya 1954 na kuionea haya ile ya 1990 hajaifahamu hata ile ya kwanza.

La tatu ni lugha. Novemba, 2021, UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Siku hiyo ilichaguliwa kwa makusudi, kwa kuwa TANU ilikifanya Kiswahili kuwa chombo cha kupigania uhuru. Nchi yenye makabila zaidi ya 120 ingehitaji wakalimani wangapi! Hata ndugu zetu wa Kenya waliipa siku yao jina la Kiswahili, na jina la uwanja ule limekuwa neno la kawaida kwao: wakisema wanafanya kamukunji, maana yake wanakutana kujadiliana.

Kwa hiyo naliomba tawi hili, Saba Saba ijayo, baada ya ngoma na kabla ya chakula, liweke saa moja ya maswali. Mwanachama yeyote aulize atakalo, kwa Kiswahili, na viongozi wajibu pale pale mbele ya watu. Mimi nitakuwapo, nami nimekwisha andaa swali langu juu ya hesabu za ada.